Gogo Lililoachwa Kitandani

Mwanamke huyo alichomwa moto jikoni kwake, mbele ya baba yake mzazi, shangazi yake na binamu zake, na aliyemmwagia mafuta ya taa alikuwa mume wake. Hakuna aliyefungua mlango. Baadaye mume alikwenda kukaa kando ya ngome ya kale ya udongo, usiku baada ya usiku, kisu mkononi, akisubiri mke wake atokee amepanda farasi mweupe. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba aliyemchoma hakuwa mke wake.

Ilitokea Ireland, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wakati treni na telegrafu zimeshafika, na magazeti yakaiandika. Marehemu alikuwa fundi cherehani. Alifuga kuku, akauza mayai, akavaa kofia nzuri kuliko za majirani. Aliugua kifua. Daktari aliitwa, akaja, akaacha dawa. Padri aliitwa, akaja, akasali. Baada ya hao wote ndipo mume alipoanza kusema kwamba huyu aliyelala kitandani ni mrefu kuliko mke wake.

Mambo haya nilikuwa nayasoma kwa sauti, Sugar Land, nje kidogo ya Houston, asubuhi ya jua kali, huku mashine ya kukata nyasi ikinguruma kwa jirani. Nilipofika kwenye urefu wa mke nikanyamaza.

"Endelea," alisema bibi ninayemhudumia. "Bado hujafika pabaya."

Nirudi nyuma kidogo. Kabla ya kuja Marekani nilikuwa mwandishi wa habari Mwanza. Hapa Houston ninahudumia wazee majumbani, kazi ambayo Watanzania na Wakenya wengi tumeanzia, na wengine tumeishia. Ninaishi Gulfton, kwenye moja ya yale majengo ambayo ukipanda ngazi unapita harufu ya maharage ya Kimeksiko, kisha wali wa Kiafghani, kisha samaki wa kukaanga wa jirani yangu Mkongo. Bibi yangu wa Sugar Land alizaliwa magharibi mwa Ireland. Alimfuata mume wake, mhandisi wa mafuta, akafundisha historia kwenye shule za hapa hadi alipostaafu. Mume amefariki. Macho nayo yamefifia. Kampuni inanilipa kumwogesha, kumpikia na kumkumbusha dawa. Kumsomea vitabu tulikubaliana wenyewe.

"Unasoma kama mtu anayesoma bili ya umeme," aliniambia siku ya kwanza.

"Bibi, majina ya kwenu yana herufi nyingi zisizofanya kazi."

"Kama serikali. Soma."

Tulianza na hadithi za kale, zile ambazo watawa waliziandika katika zama za kati. Walisimulia kwamba kulikuwa na watu walioitawala Ireland kabla ya watu hawa wa sasa, watu wa ajabu, wazuri wa sura, mabingwa wa uganga. Walishindwa vita. Nchi ikagawanywa nusu kwa nusu: washindi wakachukua ya juu, walioshindwa wakapewa ya chini. Wakaingia ndani ya vilima na ngome za udongo, na humo wamo hadi leo. Niliupenda mgawanyo huo, kwa sababu ni udanganyifu mtupu uliofanywa kwa kufuata sheria, na mtu yeyote aliyewahi kufuatilia kesi ya ardhi anaujua.

Bibi hakuwataja kwa jina lao. Alisema "Watu Wema," kwa sauti ya mtu anayemsifu askari wa barabarani huku amekwishakanyaga breki. Nilielewa mara moja. Kwetu pia kuna watu ambao giza likishaingia hawaombi sindano wala chumvi kwa jina lake. Aliniambia kwamba Watu Wema walipenda kuiba. Waliiba watoto wazuri, hasa wa kiume, na kwa hiyo yeye mwenyewe akiwa mdogo aliona picha za wajomba zake wakubwa wakubwa, miguu imejaa matope, wamevalishwa magauni ili wadhaniwe wasichana. Waliiba pia wanawake waliotoka kujifungua. Koleo la chuma liliwekwa juu ya kitanda cha mtoto, kwa sababu chuma hawakipendi.

"Na aliyeibwa," nikauliza, "watu hawakuona kitanda kitupu?"

"Hakikuwa kitupu. Waliacha kitu. Mzee wao aliyechoka, amejigeuza sura ya mtoto. Au gogo la mti, limefanywa lifanane na mtu. Gogo linalala, linaugua, linakufa, mnalizika. Mnalia juu ya gogo."

Niliweka kitabu chini.

"Gogo la mti gani?"

"Mwaloni, nadhani. Kwa nini?"

"Kwetu ni mgomba."

Nikamweleza habari za msukule. Kijana anakufa, anazikwa, halafu mtu anamwona sokoni mkoa wa mbali, macho yametulia kama ya samaki, hasemi. Wanasema hakufa: wachawi walimchukua wakamtumikishe mashambani, na kilichozikwa ni gogo la mgomba lililoonekana kama maiti. Nikiwa mwandishi niliwahi kutumwa kwenye familia iliyotaka kufukua kaburi la mtoto wao ili waone. Mama mzazi alikuwa amekaa juu ya udongo, akiniambia kwa utulivu kabisa kwamba hakumwogesha mwanawe siku ile, aliogesha mti. Niliandika habari hiyo nikiwa na hakika kwamba ugonjwa huu ni wetu peke yetu, wa ziwa letu na mikoa yetu, na kwamba Wazungu wakiusoma watatikisa vichwa.

Bibi hakutikisa kichwa. Alikuwa ameshika mkono wa kiti.

"Mgomba," alisema. "Mungu wangu. Sisi hatukuwa na ndizi, ndiyo tofauti pekee."

Tukacheka, kicheko kibaya. Halafu ukafika wakati wa dawa. Nilimpa kidonge chake cha moyo na maji, naye akakishika kwenye kiganja bila kukimeza.

"Unajua hiki kimetokana na nini? Kuna mmea kwetu, una maua ya zambarau yanayoning'inia kama vidole vya glavu. Ukipimwa sawasawa, moyo unatulia. Wanawake walichemsha majani yake wakamnywesha mtoto waliyemshuku. Akiwa mtoto halisi atapona. Akiwa wa kuachiwa, atakwenda zake."

"Na wengi walikwenda."

"Wengi walikwenda." Akameza. "Bibi yangu mimi alikuwa na kaka. Hakukua vizuri, hakusema. Walimweka juu ya sepetu, wakamtoa nje kwenye lundo la samadi wakati wa jua kuzama, wakafunga mlango, ili Watu Wema waje wamchukue wa kwao."

"Akapona?"

"Hakuna aliyewahi kuniambia. Na bibi yangu, nataka ujue, alikuwa mwanamke mpole kuliko wote niliowajua."

Wiki hiyohiyo mdogo wangu alinipigia simu kutoka Fort Worth, kaskazini mwa Texas.

Anakaa huko na mume wake, ambaye ni mpakiaji kwenye ghala, na binti yao wa pekee. Binti huyo nilimpokea mimi hospitalini kwa mikono yangu. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Aliniita "mama mkuu" kwa sababu "mama mkubwa" ilimshinda, na alikuwa akinipangia habari kwenye simu kama mtangazaji. Kisha, alipokaribia umri wa miaka mitatu, maneno yakaanza kupotea. Hayakuondoka siku moja. Kwanza nyimbo, kisha salamu, kisha jina la mama yake. Akaanza kutembea kwa ncha za vidole, kupanga vijiko kwa mstari, kuziba masikio bomba likifunguliwa. Daktari wa watoto aliwaelekeza kwenye kliniki ya wataalamu, na wataalamu wakawaweka kwenye foleni ndefu. Wakati wa kusubiri, mdogo wangu alijiunga na kikundi cha maombi cha kina mama. Sikuona ubaya. Ni kina mama walewale wanaokuletea chakula ukifiwa, wanaokupeleka kliniki gari likiharibika.

"Dada," aliniambia kwenye simu, "nimepata jibu."

"La kliniki?"

"Kliniki gani? Jibu lenyewe. Huyu si yeye."

"Huyu nani?"

"Huyu tuliye naye. Wangu wamemchukua, Dada. Huyu ni wa kuwekewa. Wewe mwenyewe si umemwona anavyotembea? Wangu alikuwa anakanyaga chini, puu, puu, kama mwanajeshi."

Nilikuwa nimesimama kwenye maegesho ya duka la vyakula. Naikumbuka toroli iliyokuwa ikitembea yenyewe kwa upepo hadi ikagonga gari la mtu, nami nikaitazama tu.

Aliyempa jibu hilo, kama alivyonieleza kwa furaha, alikuwa mama mmoja wa kikundi, muuguzi mwenye leseni, mtu anayepima dozi za wagonjwa mahututi bila kukosea. Huyo ndiye aliyeona katika maombi. Dawa ilikuwa mfungo. Mtoto atafunga pamoja na mama, mchana kutwa, na Ijumaa kina mama watampeleka kwenye shamba la mmoja wao nje ya mji, na huko atafungishwa mfululizo hadi aliyewekwa aondoke na yule wa kweli arudi.

"Atafungishwa? Kwa maji?"

"Bila maji. Ni wa roho, Dada, hauui."

"Na Ijumaa si ndiyo siku mliyopewa kliniki?"

"Shetani ndiye aliyepanga zigongane," akasema.

Nilimwomba bibi ruhusa. Nilimweleza sababu, maana nisingeweza kumdanganya yeye kuliko wote. Uso wake ulipauka. Alichosema kwanza ni, "Wataniletea yule anayepika uji kama gundi," kisha akatafuta mkono wangu, akaukosa, akaupata. "Nenda. Nenda sasa hivi."

Nilipanda barabara ya 45 hadi Ennis, nikashika 287. Njia nzima nilikuwa najadiliana na sheria. Texas humtaka mtu yeyote anayeshuku kwamba mtoto anadhuriwa atoe taarifa. Ningepiga simu moja tu. Lakini mdogo wangu na mume wake bado wanasubiri karatasi zao za uhamiaji, na mtoto asiyesema angechukuliwa akalale kwenye nyumba ya watu ambao hawajui kwamba bomba linamtisha. Nikasema nitafika kwanza, nione kwa macho. Namba ya kutolea taarifa niliiandika kwenye simu, tayari.

Nilimkuta amekaa chini, sebuleni, mbele ya mstari wa vijiko. Ilikuwa saa za alasiri. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka pembeni. Nilichuchumaa, nikatoa ndizi kwenye mkoba.

"Usimpe!" mdogo wangu alitoka jikoni. "Shikamoo, Dada, lakini usimpe. Anafungua jua likizama."

"Marahaba. Nitampa."

"Dada, nakuheshimu. Usiniharibie."

Nilimenya ndizi. Mtoto hakunitazama, lakini aliichukua na kuila yote, haraka, halafu akalamba ganda. Nikamletea maji ya sukari. Mdogo wangu alikaa kwenye kochi akaanza kulia, na shemeji yangu akatoka chumbani, amevaa fulana ya kazini, akasimama kati yetu kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Shemeji," nikamwambia, "na wewe umekubali?"

"Mimi ninaingia kazini, natoka kazini," alisema. "Wao wamesoma. Yule mama ni muuguzi. Mimi ninabeba maboksi, nitamwambia nini muuguzi?"

"Mwambie huyu ni mwanao."

"Nilisema. Wakaniuliza nina hakika gani."

Hapo ndipo nilipowasimulia habari za fundi cherehani wa Ireland. Niliwasimulia kama nilivyofundishwa kuandika habari: nani, wapi, lini, nini kilitangulia, nini kikafuata. Daktari alikuja. Padri alikuja. Mume akasema ni mrefu kuliko mke wake. Ndugu wakamshika mikono na miguu, wakamlazimisha kunywa mitishamba iliyochemshwa, wakamuuliza mara kwa mara kwa jina la Mungu kama yeye ndiye, naye akajibu ndiyo, ndimi, na jibu halikutosha. Nikaeleza moto, na farasi mweupe aliyesubiriwa. Nikaeleza kwamba waliopelekwa mahakamani hawakuwa majambazi, walikuwa baba, shangazi, binamu, watu waliompenda. Nilimweleza mdogo wangu na habari za gogo la mwaloni, na jinsi lilivyo ndugu wa gogo letu la mgomba. Nilitaka aone kwamba hata ng'ambo ya bahari watu waliwahi kuwa na uhakika huuhuu, neno kwa neno, na uhakika ule ulimwua mtu aliyekuwa yuleyule siku zote.

Shemeji alifunika mdomo kwa kiganja. Mdogo wangu alikuwa ameacha kulia. Alinisikiliza kwa umakini ambao sijawahi kuuona kwake, ameinama mbele, nami nikafikiri, sasa imeingia.

"Na yule wa kweli," akauliza, "alirudi?"

Sikuelewa swali. Yaani nililisikia, lakini akili ilikataa kulipokea.

"Yule wa kweli ndiye aliyeungua, mdogo wangu."

"Yule aliyechukuliwa. Wa kwenye farasi."

"Hapakuwa na farasi. Mume alisubiri pale ngomeni, hakutokea mtu. Walikuja polisi."

Akatazama vijiko. Mtoto alikuwa ameongeza kimoja, kile nilichomkorogea maji ya sukari.

"Labda hakusubiri vya kutosha," alisema.

Nimewahi kusimama juu ya makaburi yaliyofukuliwa. Nimehoji mwanaume aliyemkata shangazi yake kwa sababu macho ya shangazi yalikuwa mekundu, mekundu kwa moshi wa kupikia miaka yote. Sikuwahi kupata baridi niliyoipata kwenye kochi lile la Fort Worth, kwa sababu sauti ilikuwa ya msichana niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Na hakuwa na hasira. Alikuwa na matumaini. Nilikuwa nimemletea, kwa safari yote ile, ushahidi kwamba mambo hayo yanajulikana hata Ulaya.

Nilitoa simu nikaiweka mezani, nikawaambia namba gani iko pale, na kwamba Ijumaa ikifika mtoto akapandishwa gari lolote lisilo la kwenda kliniki, nitaibonyeza, na karatasi za watu zitakwenda zinakokwenda.

"Utanifungisha jela mimi?" mdogo wangu aliuliza. "Damu yako?"

"Na huyu ni damu ya nani?"

Akainuka. Nilidhani anakwenda kuwapigia wenzake. Badala yake alirudi na mfuko wa nguo uliokuwa tayari kwa safari ya shambani, akauweka miguuni pangu.

"Basi mchukue huyu," alisema. "Kaa naye, mlishe unavyotaka. Mimi nitamsubiri wangu hapa."

Shemeji alimwita mke wake kwa jina la mtoto wao, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita ndani ya nyumba yenye moto. Hakuitikia.

Shemeji ndiye aliyefunga kiti cha mtoto kwenye gari langu. Kifungo cha mkanda kiligoma, akakifungua akaanza upya. Alimbusu mtoto kwenye utosi. Aliniambia nipite Ennis polepole, polisi wanajificha. Mdogo wangu hakutoka nje. Tuliondoka kungali mchana, mtoto akitazama nguzo za umeme zikipita, akitoa sauti ndogo kwa kila nguzo, ile ile kila mara.

Kliniki tulikwenda, mimi na baba yake. Ilikuwa Ijumaa, nikarudi naye Fort Worth. Wataalamu walimwangalia kwa muda mrefu, wakacheza naye, wakatupa jina la hali yake, wakasema hajaibwa na hajapotea popote. Hawakusema hivyo, bila shaka. Walisema ni mtoto yuleyule na ubongo wake ndivyo ulivyo, na kwamba msaada upo, utachukua muda. Mimi ndiye niliyesikia hivyo. Baba yake alilia ndani ya lifti. Siku hiyohiyo alimpelekea mke wake maelezo yote, na akajibiwa kwamba madaktari wanapima kile walichowekewa mbele yao.

Sasa mtoto yuko kwangu Gulfton. Asubuhi anakwenda kwenye mafunzo ya kusema, mchana jirani Mkongo anamwangalia, na siku nyingine namchukua Sugar Land, ambako anapanga vijiko vya fedha vya bibi kwenye zulia, na bibi anavisikiliza vikigongana. Bado hajasema neno. Amenenepa. Midomo imepona.

Mama yake anapiga simu kila jioni. Nadhani hili ndilo linalonitisha kuliko yote: anauliza mambo ya mama. Amekula? Amepata choo? Umempaka mafuta, ngozi yake inakauka? Namwambia aongee naye, naweka simu sikioni mwa mtoto, nasikia pumzi upande wa pili, kisha anasema, "Huyo hanijui," na kukata.

Jana hakupiga. Leo asubuhi nimepata ujumbe wake kwamba anakuja Houston Jumamosi kumwona. Nimemwandikia shemeji kumuuliza kama mke wake anakuja peke yake au na kina mama wa maombi. Amesoma. Hajajibu.